Rekodi Kumi za Jazi kwa Kipimo cha Garsen

Dunia ya waimbaji ni ligi isiyo na mapumziko. Yupo aliyesafiri mbali kuliko wote, yupo aliyeuza kuliko wote, yupo aliyeshika maikrofoni miaka mingi kuliko wote, na yupo aliyemaliza kazi kubwa kwa muda mfupi kuliko wote. Hapa tunawapanga kuanzia nafasi ya 10 hadi ya 1: waimbaji wa bendi za jazz za Afrika Mashariki, watangulizi wao wa taarabu, majirani zao wa muziki wa dansi, na magwiji wa ng'ambo waliokuja kushindana nao.

Vipimo ni vya nyumbani. Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya: kilomita zipatazo 1,000. Barabara ya Garsen hadi Malindi: kilomita 110 hivi. Kaunti ya Tana River: watu 315,943 kwa sensa ya 2019. Uwanja wa Kasarani: viti 60,000. Matatu: abiria 14. Twende!

10. Bendi kongwe na bendi yenye pumzi ndefu

Kabla ya mwimbaji kuna bendi, na hapa ushindani ni wa miaka. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Kenya ilipopandisha bendera yake tarehe 12 Desemba 1963, bendi hiyo ilikuwa imeshatimiza miaka 31 tangu kuanzishwa. Morogoro Jazz ilifuata mwaka 1944, Cuban Marimba 1948, Kilwa Jazz 1958, Western Jazz 1959. Hao ni wakongwe.

Kwa pumzi ndefu, taji linakwenda kwa NUTA Jazz. Ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilisha jina, bendi nayo ilibadilisha lake: Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz. Baadaye ikaitwa Msondo Ngoma. Majina manne, bendi moja. Ina umri sawa na Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, iliyozaliwa mwaka huohuo. Wanasiasa wamekuja na kuondoka, sarafu zimebadilika, santuri zimepisha kanda, kanda zimepisha simu, na Msondo bado inapiga.

9. Mji wenye ushindani mkali kuliko yote

Nairobi ilikuwa na studio. Dar es Salaam ilikuwa na kumbi nyingi zaidi. Lakini kwa ukali wa ushindani, hakuna mji ulioifikia Morogoro ya miaka ya 1960. Mji mmoja chini ya milima ya Uluguru ulibeba vigogo wawili kwa wakati mmoja: Cuban Marimba na Morogoro Jazz.

Upande wa kwanza alisimama Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928 na kuanzisha bendi yake mwaka 1948, akiwa kijana wa miaka 20. Upande wa pili aliibuka Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa la solo aliyezaliwa mwaka 1944, mwaka uleule Morogoro Jazz ilipoanzishwa. Mtu na bendi, umri mmoja! Mbaraka aliacha shule ya sekondari katikati ya miaka ya 1960 na kujiunga na bendi aliyolingana nayo kwa miaka. Kila upande ukawa na mashabiki wake, mitindo yake na nyimbo zake za kujigamba. Ukitaka kujua uzito wa jambo hili, jiulize ni miji mingapi ya ukubwa ule, Afrika nzima, imewahi kutoa sauti mbili zinazoimbwa bado baada ya nusu karne. Morogoro ilizitoa pamoja, zikapishana kwenye barabara zilezile.

8. Safari ndefu kuliko zote

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipanda ndege kwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika Maonyesho ya Dunia, Expo 70. Kutoka Morogoro hadi Osaka, ndege ikikata moja kwa moja, ni kilomita kama 11,000. Nyoosha Mto Tana mara 11, mmoja baada ya mwingine, ndipo utafika. Au panda gari Garsen uende Malindi, urudi, uende tena, ukihesabu kila safari moja: utatakiwa kufanya safari 100.

Nafasi ya pili katika mbio hizi inashikwa na Siti binti Saad wa Zanzibar, na yeye alitangulia kwa miaka 42. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi santuri na kampuni ya HMV, na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa. Ni kilomita zipatazo 4,600, zaidi ya Tana nne, na njia yote hiyo ni bahari. Mbaraka alimpita kwa umbali. Kwa kutangulia, hakuna aliyempita Siti.

7. Umati mkubwa kuliko wote

Expo 70 ilidumu siku 183, kuanzia Machi 15 hadi Septemba 13. Waliopita milango yake walikuwa 64,218,770. Kwa sensa ya 1969, Wakenya wote walikuwa milioni 10.9, maana yake malango ya Osaka yalipitisha hesabu ya Kenya nzima karibu mara sita. Gawanya kwa siku: wastani ni watu 350,000 na zaidi kila siku. Kaunti ya Tana River yote, kuanzia Bura kupitia Hola hadi Garsen, wazee na watoto wachanga, ina watu 315,943. Kila siku ya Expo, kaunti nzima ingeingia na bado kungekuwa na nafasi! Mbele ya bahari hiyo ya watu ndipo vijana wa Morogoro walipokwenda kupiga gitaa zao.

Lakini wageni wa Expo walikuja kuona mambo mengi. Kwa umati uliokuja kwa ajili ya msanii mmoja, siku moja, taji analo Louis Armstrong. Mwaka 1956 alipotua Accra, Ghana, mwimbaji na mpiga tarumbeta huyo mwenye sauti ya kukwaruza alipiga uwanjani mbele ya watu waliokadiriwa kufika 100,000. Kasarani ingejaa hadi kiti cha mwisho, na watu 40,000 wangebaki nje ya geti. Kwa hesabu ya Tana River, ni karibu theluthi moja ya kaunti imesimama uwanja mmoja kumsikiliza mtu mmoja.

6. Miaka mingi kuliko yote jukwaani

Uvumilivu una mabingwa wake, na wa kwanza ni Muhidin Maalim Gurumo. Alikuwa NUTA Jazz tangu mwanzo, mwaka 1964. Mwaka 1978 alihamia Mlimani Park Orchestra, akapita Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo, na hakustaafu hadi mwaka 2013. Ni karibu miaka 50 ya kuimba usiku. Katika muda huo Tanzania iliongozwa na marais wanne: Nyerere, Mwinyi, Mkapa na Kikwete. Kenya nayo wanne: Jomo Kenyatta, Moi, Kibaki na Uhuru. Marais wanane wa nchi mbili, mwimbaji mmoja. Alifariki Aprili 2014, mwaka uliofuata tu baada ya kuweka maikrofoni chini.

Na bado Gurumo ni wa pili. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude wa Zanzibar, alianza kuimba akiwa binti mdogo, enzi ya Siti mwenyewe, akaendelea hadi karne ya 21. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 iliaminika kuwa alikuwa amepita miaka 100. Linganisha na ng'ambo: Tony Bennett wa Marekani alishangiliwa kwa kutoa albamu mpya ya jazi mwaka 2021 akiwa na miaka 95. Armstrong alipoiondoa Beatles kwenye kilele cha chati ya Marekani mwaka 1964 alikuwa na miaka 62, na dunia ikashangaa. Kwa Bi Kidude, miaka 62 ilikuwa katikati ya safari.

5. Kazi kubwa zaidi kwa muda mfupi zaidi

Sasa geuza upande wa pili. Mbaraka Mwinshehe alifanya kazi ya muziki kuanzia mwaka 1965 hivi hadi Januari 1979. Miaka 14. Weka mwaka mmoja kwenye kila kiti cha abiria, na matatu moja ya Garsen–Malindi inambeba maisha yake yote ya muziki.

Tazama alichokibeba ndani ya viti hivyo 14! Alipanda kutoka kijana mgeni hadi mwimbaji mkuu wa Morogoro Jazz. Alikwenda Japani na kurudi. Mwaka 1973 alitoka na kuanzisha bendi yake mwenyewe, Super Volcano. Alirekodi “Shida”, wimbo uliopendwa mno Kenya na kumfanya asiwe wa nchi moja tena. Mashabiki walimpa cheo cha Soloist National, cheo ambacho hakuna wizara inayokitoa.

Alifariki kwa ajali ya barabarani Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Mombasa na Garsen ni barabara moja ya pwani. Aliyezoea kusikia sauti yake redioni huku Tana alimpoteza jirani. Kigogo wa upande wa pili wa mji wake, Salum Abdallah, alikuwa ameuawa na ajali ya gari mwaka 1965, akiwa na miaka 37. Morogoro ililipa barabara bei ambayo hakuna mji wa muziki uliopaswa kuilipa.

Katika jazi ya Marekani, Billie Holiday alifariki mwaka 1959 na miaka 44. Mbaraka alipewa miaka 10 pungufu ya ile ya Billie. Baada ya kifo chake rekodi zake zilikusanywa katika mfululizo wa albamu za Ukumbusho, na mpaka leo gitaa lake linasikika redioni. Kwa kila mwaka aliofanya kazi, ameshaimbwa miaka mitatu na zaidi baada ya kuondoka.

4. Mauzo makubwa kuliko yote

Hapa hakuna kubishana, ni kuhesabu tu.

Siti binti Saad na wenzake: kufikia mwaka 1931, santuri 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Wakati huo Unguja na Pemba kwa pamoja zilikuwa na watu wapatao 235,000. Hata kama santuri nyingine zilivuka kwenda Lamu, Mombasa na bara, hesabu inasimama palepale: karibu santuri moja kwa kila watu watatu wa visiwa hivyo. Leo, Tana River ikitaka kufikia kiwango hicho, ingebidi inunue santuri zaidi ya 96,000 za kundi moja, na ifanye hivyo kwa kutumia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono.

Gabriel Omolo na “Lunchtime” ya mwaka 1973: nakala zaidi ya 150,000. Kasarani mbili na nusu. Karibu nusu ya watu wote wa Tana River.

Them Mushrooms wa pwani ya Kenya na “Jambo Bwana”, iliyorekodiwa mwaka 1980: nakala zaidi ya 200,000. Kasarani tatu na ziada, na huyo ndiye bingwa wa Afrika Mashariki katika orodha hii.

Bingwa wa orodha yote? Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi wa Marekani. Novemba 21, 1934, akiwa na miaka 17, alipanda jukwaa la Apollo huko Harlem katika shindano la wasanii chipukizi. Alikuwa amekusudia kucheza dansi, akabadili nia dakika ya mwisho na kuimba. Zawadi ya ushindi ilikuwa dola 25. Kutoka dola hizo 25 alifika kwenye mauzo ya albamu zaidi ya milioni 40. Zigawe kwa watu wa Tana River: kila mtu, hadi mtoto wa jana, anapata zaidi ya 126. Hakuna nyumba kando ya mto ingekuwa na nafasi ya kuziweka.

3. Wimbo uliovuka bahari kwa kishindo zaidi

Kuuza nyumbani ni jambo moja, kuimbwa na wageni ni jingine. Mshindani wa kwanza ni Daudi Kabaka, mfalme wa twist wa Nairobi. Wimbo wake “Helule Helule” ulichukuliwa na kundi la Uingereza, The Tremeloes, na mwaka 1968 ukafika nafasi ya 14 katika chati ya nchi hiyo. Miaka mitano tu baada ya bendera ya Uingereza kushushwa Nairobi, wimbo wa Kenya ulipanda chati ya Uingereza.

Mshindani wa pili ni “Jambo Bwana”, ambayo Boney M waliifanya yao mwaka 1983. Lakini mshindi ni “Malaika”, wimbo uliopata umaarufu kwa sauti ya Fadhili William. Miriam Makeba, aliyelelewa na jazi ya Afrika Kusini, aliuimba na Harry Belafonte katika albamu yao ya pamoja ya mwaka 1965, na mwaka 1966 albamu hiyo ikatwaa Grammy. Makeba akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata tuzo hiyo, na Kiswahili kikawa ndani ya albamu ya ushindi. Nafasi ya 14 Uingereza ni heshima. Grammy ni taji.

2. Ngazi ya juu kuliko zote katika jazi yenyewe

Kwa miongo mingi, vipengele vya jazi vya Grammy vilikuwa hasa nyumba ya Wamarekani. Ella peke yake alibeba Grammy 13, mbili kati yake katika sherehe ya kwanza kabisa, mwaka 1959. Ukizipa kila moja kiti, matatu ya abiria 14 inabakiza kiti kimoja tu.

Kisha akaja Somi, mwimbaji aliyezaliwa Marekani na wazazi kutoka Rwanda na Uganda. Albamu yake “Holy Room”, iliyorekodiwa jukwaani Frankfurt akiwa na bendi kubwa ya redio ya mji huo, iliteuliwa kuwania Grammy ya mwaka 2021 kwa albamu bora ya kuimba jazi. Hakuna mwanamke mwingine wa Afrika aliyewahi kuteuliwa katika kipengele chochote cha jazi kabla yake. Miaka 62 ya Grammy ilipita kabla ya mlango huo kufunguka, na aliyeufungua ana damu ya Maziwa Makuu. Mwaka 2022 alitoa albamu nzima ya kumuenzi Miriam Makeba. Mteule wa leo akaimba nyimbo za mshindi wa jana.

1. Sauti iliyoimbwa na watu wengi kuliko zote

Siti alifika Bombay. Mbaraka alifika Osaka. Ella aliuza milioni 40. Nafasi ya kwanza haiendi kwa yeyote kati yao. Inabaki hapahapa, kando ya Mto Tana, kwa wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto.

Mwaka 1963, Kenya ikijiandaa kwa uhuru, kamati ya wanamuziki watano ilipewa kazi ya kutengeneza Wimbo wa Taifa: Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Badala ya kuagiza wimbo mpya wa kijeshi kutoka nje, walichukua melodi ya kubembelezea ya Wapokomo, inayohusishwa na Mzee Meza Moroa Galana, wakaiwekea maneno mapya.

Sasa pima. Wimbo wa kubembeleza una hadhira ndogo kuliko zote duniani: mtoto mmoja, naye lengo ni asinzie. Hakuna jukwaa, hakuna tiketi, hakuna santuri. Kutoka hadhira hiyo ya mtu mmoja, melodi ile imekuwa ya watu 47,564,296, idadi ya Wakenya kwa sensa ya 2019. Ungetaka kuwaketisha wote, ungejaza Kasarani 792, na bado wengine wangesimama nje. Kwa kila mtu mmoja wa Tana River kuna Wakenya 150 wanaoimba melodi iliyotoka mtoni kwake. Waambie mashabiki wa Armstrong na watu wao 100,000 wa Accra!

Kwa mauzo? Hauuzwi, unaimbwa bure kila shule inapopandisha bendera. Kwa miaka? Umepita 60 tangu ulipopewa maneno mapya, na melodi yenyewe ni ya zamani zaidi. Kwa safari? Mbaraka alivuka kwenda Japani mara moja kwa kishindo. Melodi ya Tana ilifika Mexico City mwaka 1968, Naftali Temu aliposhinda mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Ikafuata Munich, Los Angeles, Seoul, Barcelona, Atlanta, Sydney, Athens, Beijing, London, Rio de Janeiro, Tokyo na Paris. Michezo 13, miji 13. Kufikia Paris 2024 Kenya ilikuwa na dhahabu 39 za Olimpiki, na wimbo unaopigwa bingwa wa Kenya akisimama juu ya jukwaa la kwanza ndio huo wa kutoka Tana.

Na mpinzani wake yuko wapi? Muziki mwingine wa Afrika Mashariki ukitaka taji hili, lazima uwafanye wanajeshi wasimame wima, maelfu ya watu wavue kofia uwanjani, na mwanariadha aliyekimbia kilomita 42 atoe machozi, yote hayo kwa melodi iliyoanza kwa kumlaza mtoto. Hakuna aliyejaribu na kuweza.

Bingwa wa orodha hii anatoka Tana River, na rekodi yake haijafungwa. Olimpiki zinarudi Los Angeles mwaka 2028, wanariadha wa Kenya wako mazoezini, na dhahabu ya 40 inasubiri mwenyewe. Itakapovaliwa, dunia nzima itasimama tena kwa heshima ya wimbo wa Wapokomo!